Msimrudishe Mwalimu Darasani

Kuna hesabu inayopigwa kila mwalimu anapotoka darasani kwenda kuomba kura, nami nimechoka kuiona ikipita bila kalamu nyekundu. Inakwenda hivi: mwalimu huyo amesukumwa na hasira za mshahara, akifika bungeni hana jingine la kusema, wenye siasa yao watamzidi ujanja, muhula mmoja ukiisha atarudi nyumbani, darasa amelipoteza na kiti amekikosa. Jibu ni sufuri. Angebaki na chaki yake.

Niliisikia hesabu hiyo kwa mara ya kwanza katika stafurumu ya shule nilikokuwa nikifundisha hapa Kenya, siku mwenzetu wa jiografia alipotuambia kwamba angependa kuwania uwakilishi wadi. Walioipiga hawakuwa maadui zake. Walikuwa walimu wenzake, tena wakongwe, nao waliisema kwa upole, kama watu wanaomzuia ndugu yao asivuke mto uliofurika. Upole huo ndio uliofanya nisijibu siku ile. Naijibu sasa, na kwa ajili ya jibu langu namchukua mtu ambaye anaonekana kuwa shahidi bora wa upande wao.

Anaitwa Travis Brenda. Alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari ya kaunti ya Rockcastle, jimbo la Kentucky, Marekani. Mei 2018 alishinda mchujo wa chama cha Republican kwa kura 123. Januari 2019 akaingia katika Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo. Juni 2020 akaangushwa katika mchujo wa chama kile kile, kwa kura chache kuliko hata hizo 123. Muhula mmoja, basi. Hakuacha sheria kubwa inayotajwa kwa jina lake. Anayetaka kutuonyesha mwalimu aliyepoteza wakati wake hatapata mfano mwepesi kuliko huyu.

Mimi nasema muhula huo mmoja ulikuwa na maana kuliko miongo ya watu waliozeekea viti vyao, na kwamba hesabu inayompa sufuri imekosewa tangu mstari wa kwanza.

Tuanze na maji taka, kwa maana kisa chenyewe kimeanzia humo.

Tarehe 29 Machi 2018, mjini Frankfort, makao makuu ya Kentucky, kulikuwa na mswada nambari 151 wa Seneti. Ulihusu huduma za maji taka, nao ulikuwa na kurasa 11. Alasiri ile, ndani ya kamati, matumbo ya mswada huo yalitolewa, ukabaki ngozi na nambari. Humo ndani yakatiwa mambo ya pensheni za watumishi wa umma, walimu wakiwemo, kurasa 291. Kabla ya usiku kwisha, Baraza la Wawakilishi lilikuwa limeupitisha kwa kura 49 dhidi ya 46, na Seneti kwa 22 dhidi ya 15. Hapakuwa na tathmini ya wataalamu wa hesabu za pensheni iliyoambatanishwa. Hapakuwa na muda wa mwananchi kuona kilichoandikwa. Mbunge aliyetaka kusoma kurasa zote 291 kabla ya kupiga kura alihitaji macho mengine mawili na siku nyingine mbili.

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo liliwauma watu, ni lazima kujua kwamba mwalimu wa shule ya umma wa Kentucky hayumo katika mfuko wa taifa wa uzeeni ambao wafanyakazi wengi wa Marekani huutegemea. Pensheni ya jimbo ndiyo yote aliyo nayo. Akiharibiwa hiyo, hana pa kuegemea. Tena upungufu wa fedha katika mifuko hiyo, ambao ndio uliotumiwa kama sababu ya haraka ile, haukuletwa na walimu. Wao walikatwa michango yao mwezi baada ya mwezi. Waliopunguza mchango wao mwaka baada ya mwaka ni watunga sheria na magavana, wa vyama vyote viwili.

Asubuhi ya pili yake, Ijumaa, walimu wengi mno walitoa taarifa kwamba ni wagonjwa, hata shule zikafungwa katika kaunti zaidi ya 20, zikiwemo zile za Louisville na Lexington. Jumatatu maelfu yao walijaa Frankfort. Gavana Matt Bevin alitia saini tarehe 10 Aprili. Siku tatu baadaye, walimu waliporudi tena makao makuu, gavana huyo aliwaambia waandishi wa habari kwamba ana hakika kuna mtoto mahali fulani jimboni aliyenajisiwa siku hiyo kwa sababu aliachwa nyumbani bila mwangalizi. Baada ya siku mbili aliomba radhi. Neno lilikuwa limeshatoka.

Sasa rudi kwa Brenda, utazame tarehe. Wanaosema alibebwa na hasira za wakati ule hawajatazama kalenda. Mgombea wa mchujo wa Mei mwaka ule alipaswa kuwasilisha karatasi zake kabla ya Januari kwisha. Mswada wa maji taka ulibadilishwa mwishoni mwa Machi. Kwa hiyo usiku ule ulipofika, mwalimu huyu alikuwa ameshajiandikisha na alikuwa akiomba kura miezi miwili. Kilichokuwa mezani alipojitokeza ni mpango wa pensheni ambao gavana alikuwa ameutangaza Oktoba 2017: waraka wa kusoma, kukokotoa na kupinga. Mtu wa hisabati aliona hesabu haimwendei vizuri mwajiriwa wa kesho, akaenda kuiuliza pale inapopigwa. Hilo si hasira. Na hata lingekuwa hasira, tangu lini hasira ya mtu aliyedhulumiwa ikawa sababu ya kumnyima sauti? Wakulima hukasirika bei ya mazao inapoanguka, nasi huwaita wapiga kura.

Aliyekuwa mbele yake hakuwa mtu wa kuchezewa. Jonathan Shell alikuwa mkulima kijana wa kaunti ya Garrard, aliyeingia barazani kwa uchaguzi wa 2012 akiwa na umri wa miaka 24. Kazi yake ya kutafuta na kuwanoa wagombea ilikisaidia chama chake kulitwaa Baraza la Wawakilishi mwaka 2016, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa zaidi ya miaka 90. Kufikia 2018 alikuwa kiongozi wa walio wengi, na mmoja wa walioshiriki kuuunda ule mpango wa pensheni. Alikuwa na fedha, jina na chama. Brenda alikuwa na wanafunzi wake wa zamani, wazazi wao, na walimu wa kaunti mbili na kipande cha tatu: Garrard, Rockcastle na sehemu ya Madison.

Kura 123. Nataka kusimama hapa kidogo, kwa maana idadi hii hutajwa kwa kuidharau, kana kwamba ushindi mwembamba ni ushindi wa kuazima. Katika milima ya Rockcastle, kura 123 ni watu unaoweza kuwajua mmoja mmoja. Ni mama anayepika katika jiko la shule, ni dereva wa basi la manjano anayezoa watoto kabla ya alfajiri, ni mzee aliyestaafu anayehesabu dawa zake kwa pensheni ya mkewe aliyekuwa mwalimu. Watu wa aina hiyo walimng'oa kiongozi wa walio wengi ndani ya chama chao wenyewe. Hawakumpigia mpinzani. Brenda alikuwa Republican, mhafidhina kama majirani zake. Hawakubadili imani wala chama. Walibadili mtu aliyeshindwa kuwaeleza kwa nini mswada wa maji taka umezaa pensheni.

Na hapo ndipo hoja ya pili ya wakosoaji inapobomoka, ile ya kwamba mwalimu ni mtu wa jambo moja.

Jambo gani hilo moja? Katika kaunti nyingi za mashambani Kentucky, shule za umma ni miongoni mwa waajiri wakubwa kuliko wote. Shule ndiyo inayolisha watoto asubuhi na mchana. Ndiyo inayojua nani amelala bila umeme, nani amehamia kwa bibi yake baada ya wazazi kutekwa na madawa ya kulevya, nani amekuja na viatu vya dada yake. Pensheni ya mwalimu mstaafu hununua mahitaji kwenye duka la mjini Mount Vernon, si kwenye soko la hisa la New York. Mtu aliyesimama miaka mingi mbele ya watoto wa kaunti nzima amepata habari ambazo hazimo katika taarifa yoyote ya kamati. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwalimu amekilala, tena kwa miaka. Ukisema ana jambo moja, umesema hujui jambo hilo lina vyumba vingapi ndani yake.

Linganisha na wengine. Baraza la Kentucky limeundwa kwa ajili ya raia wenye kazi zao. Vikao vyake havizidi siku 30 katika mwaka wa witiri na siku 60 katika mwaka wa shufwa, ili mkulima apate kurudi shambani na wakili apate kurudi mahakamani. Humo wamo mawakili wanaotunga sheria za mahakama, wakulima wanaopigia kura ruzuku za kilimo, wafanyabiashara wanaoamua kodi za biashara. Hatuwaulizi kama wana maslahi. Tunawaita wataalamu. Wakili akisimama kuzungumzia mahakama, tunasema analeta uzoefu. Mwalimu akisimama kuzungumzia shule, tunasema analeta njaa yake. Naomba mtu yeyote anionyeshe tofauti, nje ya mazoea ya kumwona mwalimu kuwa mtu wa kuamrishwa.

Sasa nifike kwenye shtaka zito: kwamba hakufanya kitu.

Sheria ile ya maji taka haikuishi. Mwanasheria mkuu wa jimbo, Andy Beshear, aliipeleka mahakamani pamoja na chama cha walimu na chama cha polisi. Jaji Phillip Shepherd wa Frankfort aliibatilisha Juni 2018, na tarehe 13 Desemba Mahakama ya Juu ya Kentucky ilimuunga mkono kwa kauli moja. Soma sababu yao, kwa kuwa ndiyo kiini cha haya yote. Katiba ya Kentucky, ya mwaka 1891, inadai kila mswada usomwe katika siku tatu tofauti ndani ya kila baraza. Watetezi wa sheria walisema mswada ulisomwa. Ulisomwa kweli, ulipokuwa wa maji taka. Majaji wakasema kusoma kichwa cha mswada mmoja, kisha kupitisha tumbo la mwingine, si kusoma.

Mwalimu yeyote anaijua kesi hiyo. Anaijua tangu mwaka wake wa kwanza kazini: mwanafunzi anayeleta daftari lenye jina lake juu na kazi ya mtu mwingine ndani. Kaunti nyingi zilifungiwa shule, wazee walilala na wasiwasi, na mwisho wake majaji saba walitoa uamuzi ambao mwalimu wa darasa la nne angeutoa kwa dakika moja. Hamkusoma. Rudini mkasome.

Bevin hakukubali. Usiku wa Jumatatu, tarehe 17 Desemba, aliita kikao maalumu ili pensheni ipitishwe upya, na haraka. Chama chake kilikuwa na wingi mkubwa katika mabaraza yote mawili. Siku iliyofuata watunga sheria waliahirisha kikao wakaenda zao nyumbani bila kupitisha chochote.

Brenda alikuwa hajaapishwa bado. Hakuwa na kiti, hakuwa na kipaza sauti, hakuwa na kura. Lakini kiti cha aliyekuwa kiongozi wa walio wengi kilikuwa kinaonekana mbele ya kila aliyekuwa mle ndani, na kila mmoja alijua ni nani anakuja kukikalia na kwa sababu gani. Sidai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee iliyowafanya wafunge mikoba. Miswada yenyewe ilikuwa na matatizo, na Krismasi ilikuwa wiki moja mbele. Nadai kwamba mtu anayepima kazi ya mtunga sheria kwa idadi ya miswada yenye jina lake hana kipimo cha jambo kama hili. Kuna wabunge wanaofaa kwa wanachokipitisha. Kuna wengine ambao kule kuchaguliwa kwao tu kunafanya jambo fulani lisithubutu kupita. Wa aina ya pili hawana kumbukumbu katika maktaba ya bunge. Huwezi kuandika mswada uliokufa kwa hofu.

Mwaka wake wa kwanza ulithibitisha hivyo. Mwanzoni mwa 2019 ulikuja mswada wa kupunguza sauti ya chama cha walimu katika kuteua wadhamini wa mfuko wao wa pensheni, na mwingine wa kutoa nafuu ya kodi kwa wafadhili wa karo za shule binafsi. Walimu walirudi Frankfort, shule za Louisville zikafungwa siku kadhaa. Miswada yote miwili haikufika popote. Novemba mwaka huo Bevin alishindwa na Beshear kwa kura zaidi kidogo ya 5,000, kati ya milioni moja na laki nne na zaidi zilizopigwa. Mgombea mwenza wa Beshear, Jacqueline Coleman, alikuwa mwalimu na naibu mkuu wa shule. Siku hiyo hiyo chama cha Republican kilishinda nyadhifa nyingine zote tano za jimbo. Wapiga kura wa Kentucky hawakuhama chama. Walimtoa gavana mmoja wasiyemtaka, wakaacha kila kitu kingine mahali pake, kwa usahihi wa mtu anayefuta jibu moja ubaoni.

Hapa sitaficha lililo gumu kwangu. Walimu na waliokuwa walimu walijitokeza kwa makumi kugombea viti vya Kentucky mwaka 2018, na wengi wao walishindwa. Chama tawala kilibaki na viti 61 kati ya 100. Na mwaka 2021, Brenda akiwa ameshatoka, baraza lilipitisha sheria ya kuwaingiza walimu wapya katika mpango mseto wa pensheni kuanzia Januari 2022. Beshear akatumia kura ya turufu, nao wakaipindua. Sehemu kubwa ya kile kilichokataliwa mwaka 2018 iliingia kwa mlango wa mbele. Mkosoaji atasema: unaona? Yote yale yalikuwa ya nini?

Ninaona. Ninaona kwamba iliwachukua miaka mitatu kufanya walichotaka kukifanya kwa saa chache, na kwamba safari hii walilazimika kukifanya mchana, kwa mswada uliobeba jina la kile kilichomo ndani. Ninaona pia kwamba waliokuwa kazini tayari hawakuguswa. Kwa mwalimu aliyebakiza miaka sita kustaafu, hiyo ni nyumba yake. Na ninaona kwamba sheria hiyo ilipita wakati viti vya watu kama Brenda vilikuwa vimeshabadilisha wakaaji. Asiyekuwepo na lake halipo. Wanaotumia sheria ya 2021 kama ushahidi kwamba walimu hawana haja ya kwenda bungeni wanatumia matokeo ya kutokuwepo kwao kuwashauri wasiwepo.

Tena hadithi haikuishia hapo. Mwaka huo huo wa 2021 baraza lilipitisha mpango wa kutumia nafuu ya kodi kugharimia, miongoni mwa mengine, karo za shule binafsi. Mara ya kwanza ulipita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 48 dhidi ya 47. Kura moja! Nikisoma idadi hiyo huwa nafikiria viti vichache vilivyopotea kwa kura chache. Mahakama ya Juu iliubatilisha mpango huo Desemba 2022, kwa kauli moja tena. Wakaamua kubadili katiba yenyewe, na Novemba 2024 wakawapelekea wananchi swali: je, baraza liruhusiwe kugharimia elimu nje ya shule za umma? Takriban asilimia 65 walikataa. Walikataa katika kaunti zote 120 za jimbo, bila kubakiza hata moja, siku ile ile ambayo karibu kaunti zote hizo zilimpa Donald Trump kura zake. Rockcastle imo. Garrard imo. Madison imo.

Kwa hiyo nani alikuwa mtu wa pembeni mwaka 2018: kiongozi wa walio wengi au mwalimu wa hisabati? Brenda alisema kwa sauti jambo ambalo kaunti zote 120 zilikuja kulisema miaka sita baadaye. Alikuwa mapema. Kuwa mapema mara nyingi hulipwa kwa kupoteza kiti.

Limebaki lile la wito, nalo ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu husemwa na watu wema. Husemwa kwamba ualimu ni wito, na anayeuacha kwa ajili ya siasa ameuvunja. Waswahili tunapaswa kuwa wa mwisho kulisema hili. Julius Nyerere alifundisha Pugu hadi 1955, alipolazimika kuchagua kati ya shule na TANU. Alichagua TANU, na watu wakaendelea kumwita Mwalimu mpaka alipofariki. Hawakuona amebadili kazi. Hapa Kenya, Waafrika walipochagua wajumbe wao wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, kati ya wajumbe wanane, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi walikuwa wamepita ualimuni. Si chini ya nusu ya meza. Kama wangesikiliza ushauri wa stafurumu yetu, sijui ni nani angekaa kwenye viti vile.

Na bila shaka chaki haimfanyi mtu kuwa mwema. Moi alikuwa mwalimu, na serikali yake ndiyo iliyotia saini mwaka 1997 ahadi ya kuwaongeza walimu mishahara kwa asilimia 150 hadi 200, kisha ikagoma kuitimiza, mpaka walimu wakarudi barabarani mwaka uliofuata. Sitetei mtu kwa sababu tu amewahi kushika chaki. Ninachokipinga ni sheria isiyoandikwa inayowatenga watu wa kazi moja na meza ambako kazi hiyo inaamuliwa. Darasa halijawahi kuwa mahali pasipo na siasa. Idadi ya watoto kwenye dawati moja ni siasa. Kitabu kisichofika hadi Mei ni siasa. Mwalimu anayebaki darasani kwa kukwepa siasa amebaki ndani ya maamuzi ya siasa, ila yeye hana kura ndani yake.

Mwenzetu wa jiografia hakugombea. Sheria yetu inamtaka mtumishi wa umma ajiuzulu miezi sita kabla ya uchaguzi, na alipopiga hesabu ya miezi sita bila mshahara, kodi ya nyumba na karo ya watoto watatu, alirudisha karatasi kwenye droo. Siwezi kumlaumu. Ila kaunti ndizo zinazoendesha shule za chekechea nchini mwetu, na wadi yake ilipeleka kwenye bunge la kaunti mtu aliyekuja kwetu siku moja, siku ya kutoa zawadi, akakaa hema la wageni na kuondoka kabla watoto hawajaimba. Bajeti ya walimu wa chekechea hupitia mkononi mwake. Mwenzetu angeweza kumwambia mtu huyo kila mwalimu wa chekechea katika wadi ile analipwa shilingi ngapi, na huchelewa kulipwa kwa miezi mingapi. Anajua kwa sababu humwazima nauli dada yake.

Kentucky angalau haikumfungia mwalimu mlango kwa namna hiyo. Mwaka ule ule wa 2018, Tina Bojanowski, mwalimu wa elimu maalumu wa Louisville, wa chama cha Democratic, alimshinda mjumbe aliyekuwepo, na chaguzi zilizofuata akarudishwa tena na tena. Brenda alikaa muhula mmoja, yeye amekaa mihula. Wakosoaji wangetutaka tumpongeze mmoja na kumhurumia mwingine. Mimi naona watu wawili waliokwenda kusoma mswada kabla ya kuupigia kura.

Ama Jonathan Shell, aliyeshindwa kwa zile kura 123, alirudi kwa wapiga kura mwaka 2023, akachaguliwa kuwa Kamishna wa Kilimo wa Kentucky nzima. Hakuna aliyemwambia angebaki shambani.